Sala Iliyotaja Mparachichi

Msomaji wangu, kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali. Nitakupa kwa ufupi, halafu tuendelee kulia pamoja.

Naserian ni mshauri nasaha. Ofisi yake ni chumba kimoja pale Kaloleni, viti viwili vinavyotazamana na meza ndogo ya tishu. Kazi yake ni kusikiliza na kufunga mdomo. Hiyo ya pili ndiyo iliyomshinda.

Akaja kwake Elinipa, mjane wa Kimeru kutoka kijiji kimoja juu ya Usa, njia ya kwenda Momela. Alikuja, akarudi, akaja tena, anaongelea mvua na bei ya mbolea. Siku moja akafunguka. Mumewe, Meshack, hakufa kwa presha kama kijiji kizima kilivyoambiwa. Alijinyonga kwenye mparachichi nyuma ya nyumba. Elinipa na shemeji yake Elisaria, kaka mkubwa wa marehemu na mzee wa kanisa, walimshusha alfajiri, wakamlaza kitandani, wakamfunika shuka mpaka kidevuni. Ndipo wakatoka nje wakapiga yowe.

Walifanya hivyo kwa sababu kwa desturi ya kijiji kile aliyejinyonga hapigiwi kengele. Kwaya haimwimbii, mchungaji havai joho kwa ajili yake. Anafukiwa tu, na watoto wake wanalibeba jina hilo mpaka uzeeni. Kwa uongo ule wa presha, Meshack alizikwa kwa heshima zote. Matanga yalipokwisha, Elinipa akachukua shoka akaukata mti ule peke yake, na matunda yake juu.

Siri hiyo akaiacha Kaloleni, akijua imefika mahali pa kulala. Kumbe Naserian akaibeba mpaka Sakina, anakoishi, akaingia nayo kwenye ibada ya jumuiya.

Hakuisimulia, msomaji. Tumtendee haki. Yeye aliisali. Ilikuwa imemlemea, akafumba macho, machozi yakamtoka, akasema: "Ee Bwana, mkumbuke yule mjane wa kule mlimani. Ibariki mikono iliyomshusha mumewe, mikono iliyokata mparachichi wenye matunda." Hakutaja jina. Alijua anaongea na Mungu, na Mungu siri zote anazo. Alichosahau ni kwamba sebule ile ilikuwa imejaa akina mama, na akina mama wana masikio.

Hapo ndipo tulipomwacha, amina bado iko mdomoni.

Chai ikaletwa. Mama Esther, mtu mzima wa jumuiya ile, akasogeza kiti chake mpaka magoti yakagusana na ya Naserian.

"Mwanangu, sala yako imenigusa."

"Asante, mama."

"Huyo mjane. Umesema mparachichi wenye matunda?"

Kikombe cha Naserian kikasimama njiani.

"Ilikuwa sala tu, mama."

"Si najua ni sala! Mimi nimezaliwa kule juu, ulikuwa hujui? Dada yangu kaolewa kule. Alinisimulia mwanamke mmoja kafiwa na mume, kakata mparachichi msimu wa matunda. Wakasema uchungu umempanda kichwani." Akamwangalia Naserian usoni. Kisha akashika mdomo. "Yesu wangu. Kumbe alimshusha?"

"Mama Esther, nakuomba. Lisitoke hapa."

"Litoke liende wapi? Mimi ni mtu mzima."

Mtu mzima! Msomaji, ogopa sana mtu anayekujibu kwamba yeye ni mtu mzima.

Lakini hata yeye hakusengenya, jamani. Alimpigia dada yake simu kwa nia njema kabisa. "Dada, tumwombee yule mama wa mparachichi, mumewe hakufa kwa presha." Dada akaguswa, akalipeleka kwenye jumuiya yao. Kutoka hapo likaingia kwenye kikundi cha akina mama. Likapanda mlima hivyo hivyo, kutoka maombi mpaka maombi, na kila lilipofika watu walifumba macho na kusema amina.

Lilipofika juu lilikuwa limeota pembe. Mwanamke anamshushaje mwanaume mzima peke yake? Na kama hakumuua, alikuwa anaficha nini? Mti nao, kwa nini aliukata upesi vile?

Ukoo ukakaa. Mshili wao, yaani kiongozi wa ukoo, akamgeukia Elisaria mbele ya watu wote. "Wewe ndiye uliyefika wa kwanza. Sema ulichokiona."

Elinipa alikuwa amekaa pembeni na wanawake. Akainua uso. Moyoni alishukuru, maana alijua sasa shemeji atasema, na liwe liwalo.

Elisaria akasafisha koo. "Mimi niliitwa. Nilimkuta ndugu yangu amelazwa kitandani, amefunikwa. Niliambiwa ni presha. Zaidi ya hapo sijui."

Zaidi ya hapo sijui! Mtu aliyeshika miguu ya marehemu kwa mikono yake miwili!

Elinipa alijifunika kanga kichwani akanyamaza, na watu wakauona ukimya ule ndio ushahidi, wakapeleka habari polisi. Polisi walimchukua akiwa shambani anachuma kahawa, na kikapu hakijajaa.

Habari zilimfikia Naserian kwa simu ya Mama Esther, tena Mama Esther huyo huyo analia kwikwi. "Wamemchukua, mwanangu! Yule wa mparachichi! Wanasema ameua!"

Naserian alikaa chini sakafuni, pale pale ofisini, kati ya vile viti viwili.

Mwenye kituo cha ushauri anaitwa Joyce. Ndiye aliyemfundisha Naserian kazi, mama mfupi mwenye sauti ya chini ambayo ukiisikia ikipanda ujue kuna msiba. Aliufunga mlango.

"Ulimwambia nani?"

"Mungu."

"Kwa sauti?"

Naserian akainamisha kichwa.

"Naserian, Mungu si kiziwi." Joyce akaketi kwenye kiti cha mteja. "Ulikuwa unajua. Nilikufundisha mwenyewe. Mteja akitaka kujiua, unasema. Akitaka kumuua mtu, unasema. Mtoto anaumizwa, unasema. Mahakama ikikuamuru, unamtafuta mwanasheria kwanza, ndipo unafungua mdomo. Sasa nionyeshe jumuiya iko wapi hapo."

"Sikutaja jina, dada."

"Ulitaja mti! Kule mlimani mti wa mtu ni jina lake. Kila mtu anajua mgomba huu wa nani na mparachichi ule wa nani. Wewe umezaliwa Arusha hii hii, hilo unafundishwa na nani?"

Naserian akalia. Joyce akamwacha alie, kisha akamsogezea tishu, zile zile za wateja.

"Nisikilize. Polisi wamenipigia. Wamefuatilia maneno mpaka kwa huyo mama yako wa Sakina, naye amewaambia yalianzia kwako. Kesho saa kumi wanakuja hapa kuchukua maelezo yako."

Naserian akafuta macho haraka. "Basi nitasema! Nitawaambia aliniambia lini na aliniambia nini, kabla hata hajashukiwa na mtu. Watamwachia, dada. Mimi ndiye niliyemwingiza, nitamtoa."

"Utamtoa kwa kumvua nguo mbele ya watu?"

"Ni kesi ya kuua, dada Joyce! Wanaweza kumfunga maisha!"

"Najua ni kesi ya kuua." Sauti ikashuka tena. "Na huenda mwisho wake ni kusema. Sijasema usiseme. Lakini siri ni ya nani? Nenda kituo cha polisi leo hii, kaa mbele yake, muulize. Akikupa ruhusa, tutasema. Akikunyima, tutamtafuta wakili atuambie sheria inatudai nini. Usiende kwingine kokote, umenielewa? Kwake tu."

"Nimeelewa."

Alielewa kweli. Halafu akatoka pale, akapita njia ya kituoni bila kugeuka, akapanda gari la Usa. Mtu mwenye hatia, msomaji wangu, hana subira. Alijiambia, kwa nini nimsumbue Elinipa na ruhusa wakati kuna mtu aliyeona kwa macho yake? Elisaria akisema, siri ya ofisini haiguswi, na mjane anatoka. Kwa akili ya mtu aliyekosa usingizi, lilikuwa wazo zuri.

Alimkuta Elisaria nyuma ya nyumba, anageuza kahawa kwenye vichanja. Mzee mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Wewe ni wa nani?"

"Natoka mjini. Mimi ni rafiki wa Elinipa, mama Lilian."

Mkono wa mzee ukaendelea kugeuza kahawa. "Mama Lilian yuko polisi."

"Ndiyo, baba. Nimekuja kukuomba. Nakuomba kwa heshima zote, useme mlivyomshusha."

Mkono ukasimama.

"Tulivyomshusha? Mimi na nani?"

Ulimi uliponza kichwa. Naserian alilisikia kosa lake likitua kabla mzee hajageuka. Maneno yaliyokuwa yakizunguka kijijini yalimtaja mwanamke peke yake. Kwamba walikuwa wawili, hilo lilisemwa Kaloleni tu, kwenye kile chumba. Sasa alikuwa amelitoa tena, mara ya pili, kwa mdomo wake ule ule, na safari hii hakuna hata sala ya kujifichia!

"Kwa hiyo alikuambia," mzee akasema polepole. "Tuliapa, mimi na yeye, tumeshika mkono wa marehemu ungali na joto. Akaenda kukuambia wewe."

"Baba, wanasema ameua!"

"Hawatamkuta na hatia. Hakuna aliyeua. Atakaa kidogo, watamwachia."

"Na wasipomwachia?"

Elisaria alichukua punje moja ya kahawa akaitazama, akairudisha. Naserian alipomwangalia vizuri aliona machozi yanashuka, na mzee hayafuti.

"Binti, Meshack nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, mama akiwa shambani. Siku ile nikambeba tena. Unadhani nimelala tangu wakati huo? Hakusema na mtu masika yote. Nilikuwa namuona amekaa kizingitini, nampita, namwambia, jikaze, wewe ni mwanaume. Jikaze! Ndicho nilichompa ndugu yangu." Akaelekeza kidole nyumbani. "Mama yetu yuko hai, yule pale ndani. Anajua mwanawe alilala. Mimi nilisimama kanisani nikashika jeneza. Nikisema leo, namuua mama, na mchungaji namwaibisha. Wanaweza hata kumfukua. Siwezi. Usiniombe nisichoweza."

"Mficha maradhi, baba, kifo humuumbua."

"Kifo kilishatuumbua." Akageukia vichanja vyake. "Nenda salama. Na ukimwona Elinipa mwambie, mimi nilinyamaza. Yeye ndiye aliyesema."

Naserian alitaka kumwambia: hapana, baba, si yeye, ni mimi. Akashuka mlima bila kumwambia.

Alifika kituoni jua limeanza kulegea. Askari wa kike wa kaunta alimwonea huruma, akawapa benchi la ukutani, akasimama mbali kidogo anaongea na simu yake.

Elinipa alikuwa amevaa kanga ile ile ya shambani. Vidole vyake vilikuwa bado na weusi wa kahawa. Alipomwona Naserian aliangua kilio, akamkumbatia kama ndugu wa tumbo moja, na hilo ndilo lililommaliza Naserian kabisa.

"Dada, afadhali umekuja. Sina mtu mwingine. Umeona shemeji alivyonifanyia?"

"Elinipa..."

"Kaniuza! Ndiye aliyeanza kusema, nina hakika. Aliogopa nitamtaja, akaniwahi. Maana tuliojua ni wawili tu."

"Watatu," akasema Naserian.

Elinipa akamwangalia.

"Tuliojua ni watatu." Naserian akasogea ukingoni mwa benchi. "Nilikuombea kwenye jumuiya. Sikutaja jina lako. Nikautaja mti. Kulikuwa na mama wa kule kwenu. Leo pia nimetoka kwa shemeji yako, nikaropoka, sasa anajua uliniambia. Ni mimi, Elinipa. Yote ni mimi."

Simu ya yule askari ikaita, akaikata. Elinipa alichukua ncha ya kanga yake akaanza kuikunja, anaikunja na kuikunjua.

"Uliniombea."

"Ndiyo."

"Kwa sauti."

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani hata Mungu humwambii."

Hapo, msomaji, hata mimi msimulizi sina la kumsaidia Naserian.

"Nisamehe," akasema mwisho.

"Leo sina nafasi ya kukusamehe. Nina mtoto." Elinipa akafuta uso kwa kiganja, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayefunga hesabu na dunia. "Umekuja kuniambia hilo tu?"

"Kesho wanachukua maelezo yangu. Niruhusu niwaambie ulichoniambia. Uliniambia kabla hujashukiwa na mtu, hiyo itakusaidia. Utatoka, Elinipa."

"Hapana."

"Wanakuita muuaji!"

"Basi nitaitika." Akamsogelea mpaka Naserian akasikia pumzi yake. "Lilian anajua baba yake alilala, akaamkia kwa Mungu. Yuko kidato cha nne, ana mtihani mbele. Kila usiku anasali, anamsalimia baba yake. Unataka nimwambie kwamba baba yake aliamka mzima, akatutazama tumelala, akatuacha? Mimi namuona Meshack nikifumba macho, namuona nikifumbua. Mwanangu asimuone. Haya mengine yanayosemwa kijijini mimi nimemwambia ni uongo wa watu, naye ameniamini."

"Atakua bila mama!"

"Atakua analala usingizi." Akaiachia ile ncha ya kanga. "Mara ya kwanza ulisema bila mimi kujua. Mara hii nimekukataza kwa mdomo wangu, unanisikia, uso kwa uso. Ukisema kesho, usiseme ulikosea."

Askari akakohoa. Muda umekwisha. Mlangoni Naserian alipishana na mwanamke aliyebeba bakuli lililofungwa kwa kitambaa, dada wa marehemu, kaleta loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando, chakula cha mahabusu. Walisalimiana kwa kichwa tu, maana hawakufahamiana.

Siku ya pili yake Joyce alikuwa amemtafuta wakili, na wakili alikuwa safarini Moshi. "Kasema wakikuuliza, uombe muda," Joyce akamwambia. "Omba muda tu. Usiseme uongo, usiseme ukweli, mpaka afike."

Msomaji, wewe hebu jaribu. Jaribu kukaa mbele ya polisi, usiseme uongo wala ukweli.

Saa tisa na nusu mlango wa ofisi ukagongwa. Naserian akadhani wamewahi. Akafungua, akakutana na binti mwembamba aliyevaa sare ya shule, viatu vimejaa vumbi jekundu la mlimani.

"Shikamoo, anti. Wewe ndiye anti Naserian?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi ni Lilian. Wa mama Elinipa."

Naserian akafungua mlango wote. Akamkaribisha. Binti akakaa kwenye kiti kile kile alichokuwa akikalia mama yake, akaweka mikono mapajani.

"Anti, nikikuambia kitu, unasema kwa watu?"

Hapo Naserian alikumbuka mafunzo yote, na yote yakamwasha kama upupu. "Lilian, kuna mambo siwezi kuyaficha. Kama unataka kujidhuru, au kuna mtu anakuumiza, nitalazimika kumtafuta wa kukusaidia."

"Si hayo. Mimi sitaki kufa. Ni kuhusu baba."

"Nini kuhusu baba?"

"Sema kwanza utanyamaza."

Naserian alifungua mdomo ajibu. Binti hakusubiri. Kitu kilikuwa kimejaa ndani yake mpaka juu, kikajimwaga chenyewe.

"Siku ile nilitoka alfajiri kwenda chooni. Nikamkuta baba nyuma ya nyumba, ameshika kamba. Nikamuuliza, baba, kamba ya nini? Akasema, ndama kafunguka, namfunga. Akaniambia, rudi ndani mwanangu, kuna baridi."

Akanyamaza. Naserian naye akanyamaza, na safari hii ulikuwa ukimya wa kazi yake.

"Anti, sisi hatukuwa na ndama. Tulishamuuza. Na mimi nilikuwa najua. Nilisimama pale, nikataka kumuuliza, ndama yupi, baba? Neno hilo lilikuwa hapa." Akagusa midomo yake. "Lakini kulikuwa na baridi kweli. Nikarudi, nikajifunika."

Kilio kikamtoka, kilio cha mtoto mdogo kabisa.

"Baadaye nikasikia mama anatoka. Nikasikia baba mkubwa ameitwa. Nikachungulia dirishani, nikawaona wanambeba. Nikarudi kitandani haraka. Walipopiga yowe, na mimi nikatoka nikapiga yowe, kama ndiyo kwanza naambiwa. Mpaka leo mama hajui. Ananiambia baba alilala vizuri, na mimi namwambia ndiyo, mama, alilala vizuri."

Loo! Kumbe nyumba nzima ilikuwa inalinda kitu ambacho kila mtu ndani yake alikuwa anakijua. Mama alikuwa tayari kuozea gerezani ili binti asione, na binti alikuwa ameona kabla ya mama!

Naserian alitoka kwenye kiti chake, akapiga magoti mbele ya binti. "Lilian, nisikilize. Baridi haikumuua baba yako. Alikuwa mgonjwa, mgonjwa rohoni, na watu wazima wote tulio karibu na watu kama yeye huwa hatuoni. Wewe ulikuwa mtoto ukatii baba yako. Umenisikia?"

Binti akaitikia kwa kichwa, lakini kwa adabu tu.

"Na umeelewa kwamba wewe unajua mama hana kosa? Ulimwona baba yu hai, ameshika kamba. Ukisema hivyo, mama anaweza kutoka."

"Naelewa. Ndiyo maana nimekuja, tangu jana sili." Akashika mkono wa Naserian kwa nguvu. "Nikisema, mama atajua nilimuona baba nikarudi kulala. Ataniuliza kwa nini. Nitamjibu nini, anti? Baridi?"

Nje kukasikika gari linasimama. Mlango wa gari ukafungwa, halafu mwingine. Sauti ya Joyce ikawakaribisha watu barazani, ikawaomba wasubiri kidogo, na sauti ya mwanaume ikajibu kwamba hawana muda.

Lilian aliisikia. Aliangalia mlango, akamwangalia Naserian, akajua.

"Ni polisi wa mama?"

"Ndiyo."

"Anti, usiseme! Tafuta njia nyingine atoke, lakini hili usiseme. Mama alisema kwako ni salama!"

Naserian alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. "Mama alikuambia zamani, Lilian. Kabla mambo hayajaharibika."

"Si zamani. Ni jana."

"Jana? Jana saa ngapi?"

"Jioni. Shangazi alimpelekea loshoro kituoni. Alimkuta analia, akasema kuna mtu alikuwa ametoka kumwona muda ule ule. Mama akamwagiza shangazi, mwambie Lilian, akielemewa aende Kaloleni kwa Naserian." Binti akapangusa pua kwa mkono wa sare. "Akasema, mwambie asiogope, yule sasa amejifunza kunyamaza."

Mlango ukafunguka. Joyce alikuwa amejaribu kusimama mbele yao, lakini afande alishampita begani.

"Habari za saa hizi, mama," akasema, akavuta kile kiti kilichobaki wazi. "Tuko tayari kukusikiliza."